Mahali, Mahari na Mistari ya Mwanga

Vijana wangu wa karakana, nyinyi mnaoniamkia sokoni huku mmeficha mikono yenye grisi nyuma ya mgongo, nisikilizeni. Grisi si aibu. Aibu ni kupima chuma kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika simu, na msidhani sijawaona. Nimestaafu, lakini macho yangu hayajastaafu, na nyumba yangu haiko mbali na geti la chuo.

Nilianza kazi ya karakana hapa Kakamega nikiwa msichana mwembamba, na nikaiacha nikiwa siwezi tena kupita kati ya mashine mbili za kukereza bila kumwomba mtu asogee. Kazi yangu ilikuwa kutunza vifaa vya kupimia na kuwafundisha wanafunzi wasivitumie kama nyundo. Watu huniuliza ni kitu gani kikubwa nilichowahi kuunda maisha yangu yote. Wanatarajia niseme trela, au mashine ya kukamua miwa. Mimi huwaambia niliunda kipimo cha mwanga juu ya tyubu za bodaboda, ndani ya stoo ya mahindi ya mama mmoja wa barabara ya Bukura, ili nijue kati ya maikromita mbili, vile vifaa vya kupimia unene wa chuma, ni ipi inayosema uongo. Hapo wengi hukumbuka kwamba wana haraka.

Nyinyi hamna haraka. Ketini.

Tuanze na Nafula, maana bila Nafula nisingehangaika hivyo. Alikuwa mwanafunzi wetu kutoka Navakholo, mtoto wa mkata miwa, mwenye kifundo cha mkono cha kukaza nati hadi ikalia. Alikuwa mwepesi. Wepesi huo ndio uliomponza, kama mtakavyoona. Kwenye mtihani wa mwisho waliambiwa wakereze shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, yenye unene wa milimita hamsini, na nafasi ya kukosea waliyopewa ilikuwa nyembamba kuliko unywele. Nafula akakereza, akapima kwa maikromita ya karakana yetu, akaona iko sawasawa, akaikabidhi. Asubuhi ya pili mtahini kutoka nje, Bwana Kimeu, akaipima kwa maikromita yake mwenyewe. Akasema shafti ni nyembamba mno. Nafula akaanguka mtihani.

Msicheke. Kiwanda kimoja kilikuwa kimemwahidi kazi ya kutengeneza pampu, na kilichokuwa kikingojewa ni cheti tu. Baba yake alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kijijini. Nafula alikuja ofisini kwangu akiwa amekauka macho, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa.

"Madam, hiyo shafti nilipima na maikromita yetu. Ilikuwa sawa kabisa. Kwa hivyo ama yetu inadanganya, ama yake."

Nikamwambia aketi. Nilijua njia ya kawaida: kufunga maikromita zote mbili kwenye sanduku na kuzipeleka Nairobi zikaguliwe. Lakini muda wa kukata rufaa ya matokeo ulikuwa ufungwe mwisho wa mwezi, na Nairobi haijawahi kuharakishwa na mwisho wa mwezi wa mtu mwingine. Nikaenda kwa Bwana Kimeu kumwomba atuazime yake. Nilitegemea anifukuze. Akaitoa kwenye mkoba, akanipa, akasema kama ina kasoro angependa kujua kabla hajaangusha mtoto mwingine. Tangu siku hiyo nilimheshimu, ingawa alikuwa akinywa chai bila sukari na mimi watu hao huwa siwaelewi.

Sasa, unapokuwa na maikromita mbili zinazobishana, huwezi kuleta ya tatu ukaiamini kwa sababu tu imekuja mwisho. Unahitaji kitu ambacho si maikromita. Nilikumbuka mafunzo mafupi niliyowahi kuhudhuria chuo kikuu, ambako mhadhiri mmoja alitupimia unene wa kitu kwa kutumia mwanga wa leza. Nilipomweleza Shivachi, fundi mwenzangu, macho yake yakawaka.

Shivachi lazima nimweleze. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Ulimi wake ulikuwa na shida moja tu, na si yake peke yake katika nchi hii yetu ya Waluhya: herufi l na r alizitumia zilivyomjia. Akisema "lula" unajiuliza kwanza kama anataka rula. Alikuwa mjane, mtu mzima mwenye kipara kinachong'aa, na hakuna kitu alichokipenda kama kutengeneza kilichotupwa. Akaenda chuo kikuu kwa bodaboda, akarudi na leza ya zamani waliyokuwa wameitelekeza kabatini, bomba la kioo refu kama mkono, limefungwa kwenye blanketi na kulazwa kwenye mapaja yake. Mwenye pikipiki alitaka kujua ni nini. Shivachi akamwambia ni mgonjwa. Yule kijana akaendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani, na bomba likafika zima.

Nitawaeleza kipimo chenyewe kwa maneno ya karakana. Unachukua mwanga wa leza, unaupiga kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Hapo mwanga unagawanyika njia mbili. Kila nusu inaenda hadi kwenye kioo chake, inarudi, zinakutana tena. Mahali zinapopatana panang'aa. Mahali zinapozozana panakuwa giza. Ukutani utaona mistari, mwekundu na mweusi, mwekundu na mweusi. Sasa sogeza kioo kimoja. Mistari inatembea. Kila mstari mmoja ukipita, ujue kioo kimesogea kiasi kidogo kisichofika theluthi ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo ukikifanya kijiti cha maikromita kisukume kile kioo, ukahesabu mistari, mwanga wenyewe utakuambia kijiti kimeenda umbali gani. Mwanga hauna mwanafunzi wake mtihanini.

Ni rahisi kueleza. Kuunda ni hadithi nyingine.

Vioo kwanza. Kile kioo chako cha kunyolea ndevu hakifai, kwa sababu rangi yake ya kurudisha mwanga iko nyuma ya kioo, na mwanga unarudi mara mbili, mara ya juu na mara ya chini, halafu unaona vurugu. Tulifungua kompyuta zilizokufa tukatoa zile sahani zinazong'aa ndani yake. Hizo ni safi ajabu. Shivachi akaipangusa ya kwanza kwa aproni yake, aproni iliyokuwa imepangusa kila kitu tangu uhuru, na sahani ikawa na mikwaruzo kama shamba lililolimwa. Ya pili niliishika mwenyewe. Vumbi puliza, usipanguse.

Halafu ni kioo kinachosogea. Kikipinda hata kidogo tu wakati wa kusogea, mwanga unarudi kwingine na mistari inapotea. Nafula ndiye aliyekaa na suala hilo mpaka likaisha. Tuligandisha vipande vitatu vya sahani vikakutana kama kona ya ndani ya sanduku, kila kimoja kikiwa wima kwa mwenzake. Mwanga ukiingia kwenye kona hiyo unarudi kule kule ulikotoka, hata kona ikipinda kidogo. Tuliharibu kona nyingi kabla ya kupata iliyo sawa. Gundi ina tabia ya kuvuta inapokauka, na unaweza kulala na kona nzuri ukaamka na kikombe.

Na sikilizeni, hili silisemi kwa mzaha: leza hutaiangalia ndani. Utaiangalia ukutani. Jicho halina spea katika duka lolote la Kakamega, hata kule wanakouza spea za kila kitu.

Basi tukawa na leza, vioo, na bamba la mawe ya jikoni lililobaki kwa mtu aliyejenga nyumba kubwa. Bamba hilo tuliliweka juu ya tyubu za pikipiki zilizojazwa upepo nusu, ili mitetemo ya sakafu iishie kwenye upepo. Tukawasha. Mistari ikatokea ukutani. Nilipiga makofi kama mtoto. Halafu mistari ikaanza kutetemeka, ikachanganyika, ikawa uji.

Chuo chetu, kama mjuavyo, kinapakana na kinu cha kusaga unga. Upande wa pili kuna barabara ya matrekta ya miwa. Karakanani kwenyewe kuna mashine ya kujaza upepo inayonguruma ikipenda. Tulizima vyetu vyote, lakini hatukuweza kuwaambia watu wa Kakamega wasisage unga. Hata mtu akitembea kwenye veranda, mistari ilimjua. Shivachi alisema mistari lazima ilale, na neno hilo likabaki. Tulikuwa tunaingia asubuhi tunaulizana kama mistari imelala. Mgeni angedhani tunalea watoto.

Tulihitaji jiwe. Si bamba, jiwe halisi, lile lililotoka chini kabisa ya ardhi, mbali na barabara. Shivachi akakumbuka boma moja upande wa Bukura ambako stoo ya mahindi ilikuwa imejengwa juu ya mwamba. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, Mama Ayuma, ambaye walijuana naye kanisani. Akasema atampigia simu aombe mahali.

Mnaona linakoelekea.

Nilikuwepo alipopiga. Alimsalimia kwa adabu zote, akaulizia mifugo, akaulizia mvua, kisha akasema kwa sauti ya mtu mwenye jambo zito, "Mama, sisi tunakuja Jumamosi na Madam. Tunataka kuongea mambo ya mahari." Nilisikia vizuri kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshamzoea Shivachi, sikio langu lilikuwa linabadilisha r kuwa l lenyewe bila kuniuliza. Kule upande wa pili Mama akasema karibuni sana, tena akarudia, karibuni sana.

Jumamosi tukafika watatu: Shivachi amevaa koti kwa sababu ni boma la watu wazima, mimi na kitenge changu kizuri kwa sababu hiyo hiyo, na Nafula amebeba sanduku la leza lililofunikwa shuka. Uani kulikuwa kumefagiwa. Viti vilikuwa vimepangwa kwa safu mbili zinazotazamana. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi upande mmoja na fimbo zao. Harufu ya ingokho, kuku wetu wa wageni, ilitoka jikoni, na kutoka kiasi cha moshi nilijua si ingokho mmoja. Mlangoni alisimama binti wa Mama, mwanamke wa makamo, mwalimu wa nasari, amevaa gauni la Jumapili, anamtazama Shivachi kuanzia kiatu hadi kiparani.

Nilifikiri labda tumekuta sherehe. Nikakaa. Wakatukaribisha, tukaomba Mungu, tukanywa chai. Ndipo mzee mmoja, baba mdogo wa yule binti, akakohoa, akaelekeza fimbo yake kwangu kwa sababu aliona mimi ndiye shangazi wa mwoaji.

"Tumefurahi mmekuja na heshima. Lakini naona mmekuja na sanduku. Ng'ombe mmeacha wapi?"

Shivachi akajibu kwa bidii kwamba ng'ombe hawahitajiki, tena ni vizuri wasikaribie kabisa, kwa sababu wakijikuna ukutani wataharibu kazi. Sisi tunataka tu mahari penye jiwe, patulivu, kwa wiki mbili, halafu tutarudisha kama tulivyopakuta.

Wiki mbili halafu turudishe! Mzee mmoja aliinuka. Mimi nikainuka pia, nikaanza kusema haraka haraka, mahali, wazee wangu, mahali, stoo, tunataka stoo, na nikaonyesha stoo kwa mikono yote miwili. Nafula alikuwa ameweka uso wake ndani ya shuka la sanduku, mabega yakimtikisika. Aliyetuokoa ni yule binti. Alianza kucheka pale mlangoni, kicheko cha kutoka tumboni, akashikilia fremu asianguke. Mama naye akashindwa kujizuia. Wazee walichukua muda kidogo, lakini ingokho alikuwa ameshaiva na hakuna aliyetaka apoe.

Stoo tukapewa. Na kwa kuwa najua mtauliza, ndiyo, Shivachi aliendelea kwenda boma lile muda mrefu baada ya kazi yetu kwisha, na baadaye akarudi na ng'ombe kwelikweli. Mambo hayo mwulizeni yeye. Mimi niliitwa tena kukaa upande wa shangazi.

Stoo ilikuwa nzuri. Umeme tulitoa kwenye betri ya gari. Tulikwenda mchana baada ya masomo, na mistari ililala mpaka ukaweza kuihesabu kwa kidole. Kuku akidonoa karibu na ukuta, mistari ilistuka kidogo, ikatulia. Siku moja ilikataa kabisa, ikawa inacheza kwa mpangilio, tatu za haraka na moja nzito, tatu za haraka na moja nzito. Tulikagua tyubu, tukakagua betri. Halafu Shivachi akatoka nje, akasikiliza, akarudi anachezesha mabega. Shule ya msingi ng'ambo ya kijito ilikuwa inajiandaa kwa mashindano, wanapiga isukuti. Ngoma ilikuwa inatoka kule, inapita kwenye mwamba, inakuja kucheza kwenye ukuta wetu kwa rangi nyekundu. Tuliacha kazi siku hiyo. Huwezi kushindana na isukuti.

Kuhesabu mistari kwa macho kunawezekana kwa dakika chache, kisha akili inaanza kuona mistari hata kwenye chai. Nafula alitoa kijicho cha taa ya sola, kile kinachojua kumekucha, akakiunganisha na saketi ya kuhesabu. Mstari ukipita, namba inapanda. Kasoro yake ni kwamba hakijui mstari unakwenda mbele au unarudi nyuma, vyote hujumlisha. Kwa hiyo unazungusha maikromita upande mmoja tu, polepole, bila kurudi. Ukipitiliza, rudi mwanzo kabisa. Hata bila leza fanyeni hivyo, kwa sababu kila skrubu duniani ina mchezo wake ndani, na ukiigeuza upande mwingine inakula hatua kidogo kabla haijakusikia.

Sasa tuje kwenye hukumu.

Kwanza tulihakikisha maikromita zote mbili zinasoma sawa kwenye kipande cha chuma cha kulinganishia, ambacho unene wake unajulikana. Halafu tukaanza na yetu. Tulifunga mwili wake kwenye bamba, tukaacha kijiti kisukume ile kona ya vioo, Nafula akazungusha, mimi nikasoma namba. Kisha tukafunga ya Bwana Kimeu. Tukarudia zote. Tukarudia tena siku nyingine, kwa sababu sikupenda jibu.

Hakuna iliyodanganya. Maikromita zote mbili zilikuwa kweli tupu. Tofauti yao haikutosha kumnyima sisimizi cheti.

Tulikaa chini kwenye magunia. Shivachi akavua kofia akajikuna kipara. Nilihisi nimechoka, chuma kimekuwa sawa kwa mkono wetu na chembamba kwa mkono wa mtahini, na vipimo vyote viwili ni vya kweli. Nikaanza kufikiria mambo ya kijinga, kwamba labda shafti ilibadilishwa. Nafula alikuwa ameinama juu ya bamba, kiganja chake kiko karibu na kile kipande cha chuma kilichoshika kona ya vioo. Hakukigusa. Alikuwa ameegemea tu, amechoka kama sisi.

Ukutani mistari ikaanza kutembea.

Hakuna aliyezungusha kitu. Mstari mmoja, mwingine, mwingine, polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Nafula akaondoa mkono. Mistari ikapunguza mwendo, ikasimama, ikaanza kurudi. Akaurudisha mkono. Ikaondoka tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, na nilimwona uso wake ukibadilika. Joto la kiganja chake lilikuwa linafurisha chuma, na mwanga ulikuwa unatuonyesha kikifura mbele ya macho yetu.

Akatoka nje. Tulidhani anakwenda haja. Alipokawia nilimfuata, nikamkuta amekaa juu ya mwamba nyuma ya stoo, anaangalia miwa.

"Madam," akasema, "ile siku ya mtihani nilipima hiyo shafti ikiwa moto. Nilikuwa nimetoka kukata, hata kuishika ilikuwa inachoma. Sikungoja. Wengine walikuwa wanamaliza."

Darasani nilikuwa nimewafundisha, ngojeni chuma kipoe. Kila mwaka niliwaambia, na kila mwaka waliandika. Lakini kuandika ni kitu kimoja, na kuona chuma kikifura kwa joto la kiganja ni kitu kingine kabisa. Shafti yake ilikuwa sawasawa wakati ule ilipokuwa moto. Ilipolala usiku kucha ikapoa, ikanywea, na asubuhi Bwana Kimeu alipima ukweli.

Shivachi alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia. Alimpenda yule mtoto kama binti yake, na upendo huo ndio uliosema. Aliuliza ni nani mwingine anajua. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba rufaa inahitaji shaka tu, na sisi tunaweza kuandika kwamba kuna tofauti kidogo kati ya vifaa, jambo ambalo si uongo, na mtoto apewe cheti aende zake kazini. Kusema kweli nilitaka Nafula akubali, nilitaka sana. Niliiona ile kazi ya pampu, nikamwona baba yake.

Nafula akamtazama Shivachi, akatingisha kichwa.

"Hapana, baba. Shafti ni ndogo. Nikiitia kwa pampu, pampu haitauliza kama nilishinda rufaa."

Jumatatu tulimrudishia Bwana Kimeu maikromita yake. Nafula alitaka kusema mwenyewe, nami nikabaki nimesimama karibu na kabati. Alimweleza yote, kwamba kifaa chake ni kizima, kwamba alipima chuma kikiwa moto. Bwana Kimeu alimsikiliza hadi mwisho. Akasema anasikitika, lakini sheria haimruhusu kutoa alama kwa kusema kweli. Nafula akasema hakuja kuomba alama. Walipeana mikono. Tukatoka, na tulipofika nyuma ya stoo ya vyuma, mahali ambapo hakuna mtu, alilia sana kwenye kitenge changu, na mimi nikalia naye. Kile kiwanda hakikungoja. Kilimwajiri mtu mwingine.

Alirudia mtihani msimu uliofuata. Wakufunzi hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilijipa kazi ya kupanga upya mabomba yaliyokuwa chini ya dirisha, mabomba ambayo hayakuhitaji kupangwa. Nafula alikereza kama kawaida yake, upesi na safi. Halafu akazima mashine, akaiweka shafti juu ya meza, akakaa juu ya stuli na kukunja mikono. Wenzake walikuwa wanakimbia. Mmoja akakabidhi, mwingine akakabidhi. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda na mimi jasho lilikuwa linanitoka kwenye nyayo. Msimamizi akapita, akamwuliza kama amemaliza. Akasema bado, anangoja. Nilitaka kuligonga dirisha kwa bomba.

Dakika za mwisho aliinuka, akaigusa shafti kwa shavu lake, akaipima, akairudisha kwenye mashine, akapitisha kisu mara moja, kidogo tu, vumbi la chuma likatoka jembamba kama nyuzi za buibui. Akangoja tena. Kengele ikalia akiwa anaiweka mbele ya Bwana Kimeu.

Safari hii mtahini alipima papo hapo. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi ya Kakamega baada ya mvua ya usiku, na Bwana Kimeu alikuwa amevaa koti zito. Aliingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko wa kifuani, akatoa maikromita yake. Akaifungua. Nafula akasogea mbele.

"Samahani, Bwana Kimeu. Hiyo imetoka mfukoni, bado ina joto la mwili wako. Ikifura, mdomo wake unapanuka, itasoma chuma changu kuwa kidogo. Naomba uiweke hapo mezani kwanza."

Mimi nilishika bomba moja nikasahau kuliweka chini. Bwana Kimeu alimwangalia, akaiangalia maikromita iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaiweka polepole juu ya meza, kando ya shafti. Akavuta stuli, akaketi. Nafula naye akaketi upande wake. Wakangoja pamoja, mtahini na mtahiniwa, wakizungumzia mvua na bei ya mbolea, mpaka vyote viwili vikapoa.

Ndipo akapima. Ilikuwa sawa.